Mkongo umefika Singida, mbona bando bado ni mzigo Iguguno?

Mfanyabiashara wa vitunguu wa Iguguno hawezi tena kuuza bila simu. Bei ya Dar es Salaam anaipata kwa simu, picha ya mzigo anaituma kwa WhatsApp, malipo ya awali yanaingia kwa simu na lori la kubeba magunia linatafutwa kwa simu. Mwenye duka anahitaji mtandao ili mashine yake ya EFD ipeleke taarifa TRA. Mwenye kibanda cha wakala anakaa bila kazi mtandao ukisumbua, hata kama floti anayo. Na tangu mwaka 2024, Serikali ilipoagiza dengu, mbaazi, choroko na ufuta ziuzwe kwa stakabadhi ghalani na minada ya Soko la Bidhaa, yaani TMX, mkulima wa mikoa kama Singida anategemea mnada unaoendeshwa kwa kompyuta ili kujua zao lake limepata bei gani.

Kwa maana hiyo bei ya intaneti si habari ya vijana wa mjini wanaotazama mpira kwenye simu. Ni gharama ya biashara, sawa na nauli, magunia na dawa ya wadudu. Lakini gharama nyingine zote mkulima anajua zinatoka wapi. Hii ya bando wengi wanailipa tu huku wakinung'unika.

Iguguno ni kata ya Wilaya ya Mkalama, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 baada ya Iramba kugawanywa, na iko kando ya barabara kuu inayotoka Singida kwenda Nzega na Mwanza. Hapa si porini. Ndiyo maana swali la watu wa hapa ni la haki kabisa: kama mkongo umefika Singida miaka mingi iliyopita, kwa nini bando bado ni ghali na jioni haliendi?

Ikumbukwe kwamba kabla ya Julai 2009 intaneti yote ya Tanzania kutoka nje ilipitia kwenye setilaiti. Njia ya kupitisha megabiti moja kwa sekunde ilikodishwa kwa maelfu ya dola za Marekani kwa mwezi, na aliyeweza kulipa ni benki, ubalozi au shirika kubwa. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Mwaka huohuo wa 2009 Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwa mkopo kutoka China, ukaendeshwa na TTCL, na miaka michache baadaye ulikuwa umepita mikoa ya kati, Singida ikiwamo. Ahadi ilikuwa kwamba bei itashuka. Na kwa kweli ilishuka sana, ila ilishuka zaidi kule ambako mkongo unaishia.

Hapo ndipo penye fundo. Mkongo ni barabara ya lami. Mtaro ukishachimbwa na waya ukishafukiwa, kuongeza uwezo wake ni suala la kubadili mitambo ya huku na huku, bila kuchimba upya. Kwa hiyo kila uwezo unapoongezwa, gharama ya kila megabiti inapungua. Lakini simu ya mkulima haijaunganishwa na mkongo. Imeunganishwa na mnara, na mnara una gharama za aina tatu ambazo hazipungui kwa urahisi huo: masafa ya hewani, ambayo kampuni hulipia mamilioni ya dola (mwaka 2022 pekee mnada wa masafa wa TCRA uliingiza zaidi ya dola milioni 180), mitambo na umeme wa kuiendesha, na kiungo kinachoutoa mzigo mnarani kuupeleka kwenye mkongo. Vijijini kiungo hiki mara nyingi si waya. Ni sahani za mawimbi zinazorushiana mawasiliano kutoka mnara hadi mnara, na kila sahani ina kikomo chake.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mnara mmoja una uwezo wa kupitisha megabiti 60 kwa sekunde kwa watumiaji wake wote. Biti 8 ni baiti moja, kwa hiyo hizo ni megabaiti, yaani MB, 7.5 kwa sekunde. Kwa saa moja ni MB 27,000. Kwa siku nzima ya saa 24 ni MB 648,000.

Ukisikia hivyo utadhani mwenye mnara amekalia mgodi. Lakini nani anatumia intaneti saa tisa usiku? Watu wanalala, na uwezo wote huo unapotea. Haiwezekani kuuweka MB ghalani ukasubiri bei ipande, kama anavyofanya mwenye mahindi. MB isiyotumika saa hii haipo saa ijayo. Halafu inafika saa mbili usiku, watu wametoka shambani na sokoni, na watumiaji 200 wanaingia kwa pamoja. Megabiti 60 ukizigawa kwa watu 200, kila mmoja anabaki na 0.3 tu. Picha ya kilobaiti 300 inachukua sekunde 8 kutoka. Video haichezi. Hapo ndipo mtu anatupa simu kitandani na kusema kampuni inaiba bando.

Mwenye mashine ya kukamua alizeti ataielewa hali hii haraka kuliko mchumi wa chuo kikuu. Mashine yake inanunuliwa kwa kipimo cha msimu, wakati alizeti zinapofika kwa wingi na foleni inazunguka jengo. Baada ya msimu inalala, lakini mkopo wa benki haulali. Bei anayomtoza mteja wa msimu lazima ibebe na ile miezi ambayo mashine imekaa kimya. Mtandao ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba msimu wake unakuja kila jioni na kila siku ya mnada.

Kwa hiyo gharama ya kweli ya mtandao ni ya kujenga uwezo wa kuhimili saa ya msongamano. Kwa kampuni, MB moja ya saa tisa usiku karibu haina gharama yoyote, wakati ile ya saa mbili usiku ndiyo inayomlazimisha mhandisi aagize mitambo mipya. Ndiyo sababu vifurushi vya usiku wa manane huuzwa kwa bei ya kutupa. Wengine hudhani ni ukarimu.

Sasa tuje kwenye bei yenyewe. Ukiacha ofa za mteja mmoja mmoja, kampuni za simu huuza vifurushi kwa bei ileile nchi nzima. Kijana wa Kariakoo na mkulima wa Iguguno wanabonyeza menyu moja. Kwa macho hiyo ni haki. Lakini Kariakoo ina minara kila kona, tena iliyounganishwa kwa waya wa mkongo, na Iguguno haina utitiri huo. Bei inakuwa moja, bidhaa zinakuwa mbili.

Kuna tofauti ya pili ambayo ni kubwa zaidi, na haizungumzwi vya kutosha. Mwaka 2022, wananchi walipolalamika kwamba vifurushi vimepanda tena, Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano wakati huo, Nape Nnauye, alieleza kwamba bei ya MB moja ndani ya kifurushi inatakiwa iwe kati ya Sh2.03 na Sh9.35. Watu wengi walichosikia ni kwamba bei imedhibitiwa. Walichokosa kukisikia ni upana wa uzio huo. Kiwango cha juu ni zaidi ya mara nne na nusu ya kiwango cha chini, na vyote viwili ni halali.

Tuchukue mfanyabiashara anayetumia MB 100 kwa siku kwa kazi zake, yaani MB 3,000 kwa mwezi. Akizipata zote kwa bei ya chini kabisa ya uzio huo, atatumia Sh6,090. Akizipata zote kwa bei ya juu, atatumia Sh28,050. Tofauti ni Sh21,960 kwa mwezi, na kwa mwaka inapita Sh260,000, kwa kazi ileile na simu ileile. Nani yuko karibu na kiwango cha chini? Ni yule anayeweza kutoa fedha nyingi kwa mkupuo na kununua kifurushi kikubwa cha mwezi. Nani yuko karibu na kiwango cha juu? Ni yule wa bando la siku, anayenunua kwa chenji iliyobaki mfukoni, na mara nyingi linaisha muda kabla hajalimaliza.

Hili si geni kwetu. Kando ya barabara hiihii ya Singida, anayenunua mafuta ya alizeti kwa dumu la lita 20 hapati bei ya anayepimiwa kwa kikombe. Ila muuza mafuta ana sababu: kupima vikombe kunachosha na mafuta yanamwagika. Kwenye bando, gharama ya kampuni kumuuzia mtu MB 100 haina tofauti kubwa hivyo na ya kumuuzia MB 10,000. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na uwezo wa mfuko wa mteja kuliko gharama ya mtandao. Kampuni inajua kwamba mwenye Sh500 hana pa kwenda. Kwa maoni ya safu hii, mjadala wa bei ungepaswa kuanzia hapo, maana kelele za kila mara kuhusu bei ya wastani zinamsahau mnunuzi wa rejareja, na wanunuzi wa rejareja ndio wengi vijijini.

Haya, na Serikali nayo imo ndani ya bando. Mwaka 2014 ushuru wa bidhaa kwenye huduma za mawasiliano ulifikishwa asilimia 17, na juu yake kuna VAT ya kawaida ya asilimia 18. Ukipiga hesabu kwa viwango hivyo, katika kila Sh1,000 unayonunulia bando, takriban Sh276 ni kodi na Sh724 ndizo zinazobaki kwa kampuni. Anayedai bei ishuke na anayedai kodi ya mawasiliano iendelee kujaza mfuko wa hazina wakae meza moja waelewane.

Je, dawa si Serikali kuamuru bei ishuke? Jambo hilo lilijaribiwa kwa namna fulani Aprili 2021. TCRA ilikuwa imetoa masharti mapya ya vifurushi yaliyoanza kutumika Aprili 2 mwaka huo. Wananchi walipofungua menyu wakakuta vifurushi vimepungua kwa bei ileile, zikapigwa kelele nchi nzima, na siku hiyohiyo Serikali ikaagiza utekelezaji usitishwe na bei za zamani zirudi. Watu walishangilia. Lakini amri ya bei haiongezi hata megabiti moja kwenye mnara. Bei ikikaa chini na uwezo ukabaki uleule, kinachopangwa upya ni foleni tu.

Ushahidi wa hilo tuliupata Mei 12, 2024. Siku hiyo mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika kwa pamoja baharini, upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, wakati njia ya kaskazini kupitia Bahari ya Shamu nayo ilikuwa imejeruhiwa tangu Februari mwaka huo. Uwezo wa nchi ulipungua ghafla. Bei za vifurushi zilibaki zilezile kwenye menyu, na bado mtu alikuwa na bando asiloweza kulitumia. Mawakala, maduka na ofisi walilipa kwa saa zao. Bidhaa ikiadimika na bei ikafungwa, mteja hulipa kwa kusubiri. Waliowahi kupanga foleni ya sukari wanalijua somo hilo.

Kinachoshusha bei kwa kudumu ni uwezo mkubwa unaogawanywa kwa watumiaji wengi, na hapo vijiji vinakutana na kitendawili cha kuku na yai. Mnara wa kizazi cha pili, yaani 2G, unatosha kupiga simu na kutuma pesa kwa kitochi, na mapato yake kwa kampuni si mabaya. Kuupandisha kuwa wa 4G kunahitaji mitambo mipya na, jambo ambalo wengi hawalioni, kiungo kipya kinachoweza kubeba mzigo huo. Kampuni inauliza: wenye simu janja wako wangapi hapo? Wachache, kwa sababu mtandao wa kuzitumia haupo. Na mtandao haupo kwa sababu wenye simu janja ni wachache.

Mtandao huenda kwanza penye mifuko iliyonona. Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi mlimani Kilimanjaro, katika kituo cha Horombo kilicho mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Hakuna ubaya, mtalii ni mteja na nchi inapata sifa. Lakini mtu wa kijiji cha tambarare anayetembea hadi kwenye kichuguu kutafuta mtandao ana haki ya kucheka kidogo.

Kuvunja kitendawili hicho ndiyo kazi ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006 na kuchangiwa na kampuni zenyewe. Mfuko hutoa ruzuku ili kampuni ijenge mahali ambapo peke yake isingejenga. Mei 13, 2023, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma, ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Magazeti mengi yaliishia kwenye namba hiyo. Katika mpango huohuo kulikuwa na namba nyingine ndogo, ya minara 304 iliyopo tayari ambayo ilipangwa kuongezewa uwezo kutoka 2G kwenda 3G au 4G. Kwa mahali kama Iguguno, penye mnara na barabara na umeme, hiyo ya pili ndiyo habari. Kuongeza uwezo kwenye mnara uliosimama ni rahisi kuliko kusimamisha mpya, na manufaa yake yanaonekana haraka. Wanasiasa hupenda zaidi mnara mpya kwa kuwa una utepe wa kukata. Kiungo kilichopanuliwa hakina utepe.

Wakati hayo yanasubiriwa, kuna mambo ambayo mkulima na mfanyabiashara anaweza kuyafanya kwa mfuko wake mwenyewe. La kwanza ni kuacha kununua rejareja inapowezekana. Kifurushi cha mwezi kinauma siku moja, cha siku kinauma siku thelathini.

Asiye na fedha za mkupuo ana njia ya kikundi. AMCOS, kikundi cha wanunuzi wa vitunguu au maduka manne yaliyopakana wanaweza kuchangia laini moja yenye kifurushi kikubwa na kifaa cha kusambaza wayalesi. Watu kumi wa MB 3,000 kila mmoja wanahitaji GB 30, na kwa kipimo hicho wanasogea upande wa bei ya jumla. Lakini tahadhari: kikundi kitakutana na tatizo lilelile la kampuni. Mmoja atapakua filamu na tisa watakosa kutuma picha ya mzigo. Wakigawana malipo sawasawa bila kuangalia matumizi, kifurushi kitaisha tarehe kumi na urafiki pia. Bora kila mmoja awe na kiwango chake, na anayezidisha alipe zaidi. Na ifahamike kwamba kuchangia gharama ndani ya kikundi ni jambo moja, kuuza intaneti kwa umma ni jingine na kunahitaji leseni ya TCRA.

Saa nayo ni fedha. Picha za mazao zikitumwa alfajiri, kabla ya watu kuamka, zinapita bila shida. WhatsApp ikizuiwa kupakua yenyewe kila video ya vichekesho inayoingia kwenye makundi, bando la wiki linaweza kuvuka wiki. Na kwa kuwa tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama kampuni bila kubadili namba, hakuna sababu ya kung'ang'ania laini ambayo jioni haishiki kwa kuogopa wateja watapotea. Majirani wapime: laini tatu za kampuni tofauti, mahali pamoja, saa mbili usiku, siku ya mnada na siku ya kawaida.

Matokeo ya kipimo hicho, yakiandikwa kwenye daftari kwa mwezi mmoja, ndiyo ya kupeleka kwa diwani na kwenye halmashauri kule Nduguti, na kupitia huko kwa UCSAF. Maombi ya "tunaomba mnara" yamejaa mezani. Yenye kuonyesha kwamba mnara upo, watumiaji wapo, wanalipa, na kiungo kinaelemewa kuanzia saa moja hadi saa nne kila jioni, ni machache.

Kampuni nayo iulizwe swali moja ambalo mhandisi wake ana jibu lake tayari kwenye kompyuta: kiungo cha mnara wa hapa kinabeba megabiti ngapi, na saa mbili usiku kimejaa kwa asilimia ngapi?